Mbwa wa ugali na miguu ya kuku hawezi kung'aa

Ndugu Mhariri,

Kurasa za mifugo katika magazeti yetu zimejaa ng'ombe, kuku na siku hizi hata sungura. Mbwa anakumbukwa kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kisha anasahaulika mpaka mwaka unaofuata. Tunaomba nafasi tuzungumzie jambo ambalo wafugaji wa mbwa wanalipigia kelele kuliko yote: manyoya yaliyofifia, yanayokatika ovyo, ngozi yenye mba na mbwa asiyeisha kujikuna. Wengi wakiona hivyo hukimbilia shampuu au huomba sindano. Msimamo wetu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya mbwa wanaolishwa nyumbani, tatizo liko kwenye sufuria, na kulirekebisha huko ni nafuu kuliko chupa yoyote ya dukani.

Lakini kabla hujabadilisha chakula, hakikisha si wadudu. Chukua kitana cha meno yaliyobanana, chana mgongo wa mbwa karibu na mkia, kung'uta uchafu juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Vichembe vyeusi vikiacha michirizi ya rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, maana ni damu iliyosagwa. Kisha shika ncha ya sikio, ikunje na uisugue kwa vidole sekunde chache. Mbwa akianza kupiga teke hewani kwa mguu wa nyuma wa upande uleule kana kwamba anajikuna, shuku upele, tena upele unaoweza kuwahamia watu wa nyumbani. Hapo hata umlishe minofu ya sangara kila siku hutaona kitu, anahitaji dawa. Angalia pia ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, minyoo au kupe wanamnyonya damu. Mbwa mkubwa apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu. Mtoto wa mbwa aanze akiwa na wiki mbili, arudie kila wiki mbili mpaka afike wiki nane, halafu kila mwezi mpaka miezi sita.

Na tafadhali, oili chafu ya gari si dawa. Inaunguza ngozi, na kwa kuwa mbwa hujilamba, inaishia tumboni na kuharibu ini na figo. Upele ukionekana kupungua baada ya kuipaka, bei yake mbwa analipa ndani ya mwili.

Wadudu wakishaondolewa, turudi jikoni. Takriban asilimia 95 ya unyoya ni protini, na nyingi ya hiyo ni keratini, inayotaka kwa wingi amino asidi zenye salfa, yaani methionini na sisteini. Ngozi na manyoya kwa pamoja hukadiriwa kutumia hadi robo au karibu theluthi ya protini yote ya mbwa kwa siku. Protini ikipungua, mwili hulisha kwanza moyo, damu na misuli. Manyoya hupata makombo. Ndiyo maana mbwa anaweza kuwa na kitambi kabisa na bado manyoya yake yakawa kama nyasi za Septemba.

Mfugaji atakuambia kwa uhakika kwamba mbwa wake anakula nyama kila siku. Ukiuliza nyama gani, ni miguu ya kuku. Hatuikatai, lakini ieleweke ni nini: ni ngozi, kano na gegedu. Protini yake kubwa ni kolajeni, ambayo haina kabisa triptofani na ina methionini kidogo. Mahindi nayo yana upungufu wa triptofani na lisini. Kwa hiyo ukipika ugali na miguu ya kuku umechanganya vyakula viwili vyenye tundu mahali pamoja, na hakuna kimoja kinachoziba tundu la mwenzake. Mapafu ya ng'ombe ni afadhali kidogo, ingawa nayo yana nyuzi nyingi ngumu. Bandama, moyo, firigisi, mayai na dagaa ndivyo vinavyoziba. Miguu ya kuku isizidi theluthi moja ya kitoweo cha mbwa.

Sembe au dona? Swali hili lina kona nyingi kuliko watu wanavyodhani. Sembe imeondolewa kiini, na kiini ndicho chenye mafuta, vitamini na sehemu kubwa ya madini. Mbwa anayekula sembe tupu hukosa asidi ya linoleiki, mafuta ya omega-6 ambayo mwili wa mbwa hauwezi kuyatengeneza wenyewe. Dalili yake ya kwanza ni manyoya makavu yasiyo na mng'ao na mba wa unga unga. Ukiachia miezi kadhaa, ngozi inageuka kuwa ya mafuta na yenye harufu. Dona ina mafuta hayo, ila imebeba pia fitati, kitu kinachoikamata zinki tumboni na kutoka nayo kwenye kinyesi. Pumba ndiyo mbaya kuliko zote: ina nyuzi na fitati tele, na kama mahindi yalikuwa na kuvu, sumu nyingi iko humo kwenye pumba.

Ushauri wetu ni huu. Mtoto wa mbwa mpe sembe, na ongeza kitoweo. Mbwa mkubwa anaweza kula dona, lakini ichachushe kwanza: changanya kipimo kimoja cha unga na vipimo viwili vya maji ya uvuguvugu, tia upawa wa uji mchachu na kijiko kimoja cha kimea cha ulezi kama unavyotengeneza togwa, funika saa 24, ndipo upike mpaka uive kabisa. Uchachu na kimea hupunguza fitati. Pumba waachie ng'ombe.

Kuhusu kuvu hatuwezi kupita kimya. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikaua tena watu Dodoma na Manyara. Pamoja na hayo, bado gunia likipata unyevu husikika ile kauli ya "hayo ni ya mbwa tu". Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka zaidi na sumu hiyo, na moto wa jikoni hauiondoi. Sumu nyingi kwa mkupuo humletea kutapika, macho na ufizi wa njano na kinyesi cheusi, na wengi hawaponi. Kidogo kidogo kila siku humkondesha na kufifisha manyoya, huku mwenye mbwa akihangaika na shampuu. Mahindi usiyoweza kumpa mtoto wako usimpe mbwa.

Sasa zinki. Mbwa mkubwa anahitaji takriban miligramu 15 kwa kila kilokalori 1,000 anazokula, na chakula cha nyumbani mara nyingi hakifiki hapo hata bila fitati. Ikipungua sana utaona magamba magumu kuzunguka macho na mdomo, kwenye viwiko na nyayo, na nyayo zenyewe hupasuka. Wanaoathirika zaidi ni watoto wa mbwa wanaokua haraka. Mara nyingi kosa ni la upendo uliozidi: mtu ana mbwa wa Kijerumani mwenye masikio yaliyolala, anaambiwa ampe DCP ya kuku, yaani unga wa kalsiamu na fosforasi wa kuchanganya kwenye chakula cha mifugo, ili miguu iwe imara na masikio yasimame. Anachota kijiko kizima kila siku. Kalsiamu hiyo ya ziada inaizuia zinki kufyonzwa kama fitati inavyofanya, na pia inaharibu mifupa inayokua. Masikio husimama kwa gegedu na kwa ukoo. Kijiko cha DCP hakina kazi hapo. Mbwa wa jamii ya haski ni suala jingine, baadhi yao huzaliwa na udhaifu wa kufyonza zinki na hao wanahitaji daktari maisha yao yote.

Karibu kila duka la dawa lina vidonge vya zinki vya miligramu 20 wanavyopewa watoto wanaoharisha. Mbwa wa kilo 20 anayepikiwa nyumbani anaweza kupewa nusu kidonge kwa siku, kikiwa kimechanganywa na chakula, maana zinki kwenye tumbo tupu humtapisha. Hiyo ni ya kujazia pengo. Dozi ya kutibu magamba ni kubwa zaidi na aipange daktari, kwa sababu zinki ikizidi kwa muda mrefu huzuia madini ya shaba, na hapo umeponya hiki umeharibu kile.

Shaba inatuleta kwenye rangi. Mbwa mweusi anapogeuka kuwa wa kahawia au mwekundu wa kutu, wengi husema ni jua. Tenganisha manyoya kwa vidole uangalie chini. Ncha zikiwa zimepauka na mizizi ni myeusi ti, kweli ni jua. Wekundu ukianzia kwenye unyoya mpya unaoota, tazama chakula. Rangi nyeusi hutengenezwa kutokana na amino asidi iitwayo tirosini kwa msaada wa shaba, na mwili huitumia tirosini kwa ukuaji kwanza, rangi baadaye. Ini la ng'ombe gramu 100 kwa wiki linamtosheleza shaba mbwa wa kilo 20, na vitamini A juu yake. Tunasisitiza la ng'ombe: la kuku lina shaba kidogo sana. Wala usiligeuze kuwa kitoweo cha kila siku, maana vitamini A haitoki mwilini kirahisi na ikirundikana hudhuru mifupa.

Dagaa tunawasifu kuliko kitoweo kingine chochote kwa mbwa wa Afrika Mashariki, kwa masharti. Wana protini kamili, wana mafuta ya omega-3 yanayotuliza ngozi yenye mwasho, na kwa kuwa huliwa mzima mzima, mifupa yao inatosheleza kalsiamu bila kuongeza DCP wala unga wa mifupa. Tatizo ni dagaa wanaouzwa kama "wa mifugo". Wengi wamekaushiwa mchangani, na msimu wa mvua hawakauki vizuri. Dagaa mzuri ana rangi ya fedha na anakatika kwa sauti. Aliyeharibika ni wa manjano au kahawia, mlaini, na ana harufu kali ya mafuta yaliyochacha. Mafuta yaliyochacha yanateketeza vitamini E ya mbwa, kwa hiyo unakuwa umelipa pesa kumharibia ngozi. Waoshe kwa maji mengi mara mbili au tatu mpaka mchanga usionekane chini ya sufuria. Dagaa wa pwani waliochemshwa kwa maji ya chumvi waloweke saa moja na maji umwage. Wote wapike, samaki wabichi wa aina kadhaa wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1.

Mafuta ya kuongeza ni ya alizeti, kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo 10 za mbwa kwa siku, yamiminwe chakula kikishapoa. Kuyakaanga kunayapotezea faida. Alizeti iliyokamuliwa Singida au Dodoma bila kusafishwa sana ni nzuri kwa kuwa imebaki na vitamini E, lakini usinunue ile iliyopangwa kwenye chupa za maji pembeni mwa barabara ikipigwa jua siku nzima. Nunua chupa ndogo, iweke gizani. Tunajua wasomaji wa pwani watauliza nazi. Mafuta ya nazi yana asidi ya linoleiki kiasi cha asilimia mbili hivi. Ukiyapaka yataleta mng'ao wa juu juu, ukiyalisha utanenepesha mbwa tu. Mawese yana nafuu kidogo, hayafiki alizeti.

Wenye uwezo wa kununua vidonge vya mafuta ya samaki wasome nyuma ya kopo. Kidonge cha kawaida cha miligramu 1,000 huwa na takriban 300 tu za EPA na DHA, aina mbili za omega-3 ya samaki, ndizo zinazofanya kazi. Mbwa wa kilo 20 mwenye mwasho wa mzio anahitaji karibu miligramu 1,200 za hizo, yaani vidonge vinne. Usichanganye na mafuta ya ini la samaki: hayo yana vitamini A na D nyingi, na kwa dozi kama hiyo kila siku zinaweza kuzidi na kumdhuru mbwa.

Tupige hesabu ya siku moja kwa mbwa wa kilo 20, asiye na mimba wala hanyonyeshi, anayelinda uani. Unga wa sembe gramu 200, sawa na kikombe cha chai kimoja na nusu. Dagaa wakavu gramu 60. Pima kwenye mizani ya dukani mara moja, kisha weka alama kwenye kopo lako. Mchicha, karoti au boga konzi moja. Chumvi ya madini joto robo ya kijiko cha chai, iache kabisa kama dagaa ni wa chumvi. Chemsha dagaa dakika 15 pamoja na mboga, tia unga taratibu upike ugali mlaini, subiri upoe, ndipo mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chai na nusu kidonge cha zinki. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni. Hapo amepata kama kilokalori 1,000 na protini gramu 50. Kwa wiki ongeza mayai mawili au matatu yaliyochemshwa na ile gramu 100 ya ini. Akikonda panda mpaka gramu 250 za unga na dagaa 75. Mbavu zisipopapasika, shuka.

Siku ya bandama au moyo badala ya dagaa, tumia gramu 200 na uongeze nusu kijiko cha chai cha maganda ya yai yaliyokaushwa na kusagwa laini, kwa sababu nyama ina kalsiamu kidogo mno. Kitoweo chochote cha machinjioni kichemke dakika 40 au zaidi. Hili halihusu manyoya, linahusu watu: mapafu na maini mabichi, hasa yenye malengelenge ya maji, humpa mbwa minyoo ya tegu ambayo mayai yake yakimwingia mtu huota uvimbe kwenye ini na mapafu. Yenye malengelenge choma moto au fukia shimo refu.

Makosa tunayoyaona baada ya watu kuanza kwa ari ni yaleyale. Mafuta yanamiminwa nusu kikombe siku ya kwanza, mbwa anaharisha, mfugaji anasema chakula kipya hakimfai. Anza na nusu kijiko cha chai, panda kwa siku kumi, na badilisha chakula chenyewe polepole kwa muda huohuo. Mayai yanatolewa mabichi kwa imani kwamba yanang'arisha, kumbe ute mweupe mbichi una kitu kinachoifunga bayotini, vitamini ya manyoya yenyewe. Mchuzi uliobaki mezani unamwagiwa mbwa pamoja na vitunguu vyake. Vitunguu maji na saumu huvunja chembe nyekundu za damu, viwe vibichi au vimepikwa. Na kuna wanaomwogesha mbwa kwa sabuni ya unga kila Jumamosi, wakiondoa mafuta ambayo alizeti imechukua wiki nzima kuyajenga.

Subira inahitajika. Mba hupungua ndani ya wiki tatu au nne. Mng'ao huanza kuonekana kati ya wiki ya sita na ya nane, na manyoya mapya kujaza sehemu zilizonyonyoka huchukua miezi mitatu hadi minne. Ukifika wiki ya kumi na mbili bila dalili yoyote, acha kubadilisha vyakula umpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo akakwangue ngozi na kupima damu. Usingoje muda huo kama manyoya yanadondoka sawasawa pande zote mbili za mwili bila kujikuna, kwani hiyo huelekea kwenye homoni, au kama mbwa anakunywa maji kupita kiasi.

Anayetumia chakula kikavu cha dukani hana haja ya haya yote, mradi kifuko kinasema ni mlo kamili kwa umri wa mbwa wake. Kwake kijiko cha alizeti kinatosha, na DCP, zinki na ini viwekwe pembeni. Shida ipo kwenye kile kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi. Mafuta yaliyonyunyizwa juu ya chembe hizo huchacha kwa hewa na joto, na ndani ya wiki sita hivi tangu gunia lifunguliwe chakula kizuri kinakuwa cha kawaida, kisha kibaya. Mnunuzi hana namna ya kujua gunia lilifunguliwa lini. Tunawaomba wenye maduka ya pembejeo waandike tarehe hiyo kwa kalamu kwenye kila mfuko wanaoupima, na tunakuomba wewe Mhariri uwakumbushe kupitia ukurasa wako wa mifugo.

Wataalamu wawili wa afya ya mifugo,
Morogoro